Ulokole na maisha yanayoonekana: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Mlokole ni nani, na kwa nini ukurasa huu unaanzia kwake?

Siku hizi jina hilo hubandikwa mtu yeyote: kijana akiacha pombe ataitwa mlokole, dada akivaa sketi ndefu ataitwa mlokole, na wapo wanaolitumia kwa kebehi tu. Hapa tunalitumia kwa maana yake ya mwanzo, yaani watu wa Uamsho wa Afrika Mashariki, vuguvugu la toba na wokovu ndani ya makanisa, ambalo kuanzia miaka ya 1930 lilienea kutoka Rwanda na Uganda hadi Burundi, Bukoba na Kenya. Swali la namna Mkristo anavyoweza kuishi imani yake mpaka jirani akaiona, wao walilijibu kwa mwenendo, hadharani na kwa gharama, na hata walipokosea walikosea mbele ya watu, kiasi kwamba anayetaka kujifunza kwao hahitaji kubahatisha.

Uamsho huo ulianza wapi?

Mahali panapotajwa zaidi ni Gahini, mashariki mwa Rwanda, karibu na Ziwa Muhazi, palipokuwa na hospitali ya misheni ya Kianglikana. Daktari Mwingereza, Joe Church, alifika huko mwishoni mwa miaka ya 1920 na mara akakabiliwa na njaa kuu ya 1928 na 1929 ambayo Wanyarwanda huiita Rwakayihura. Akiwa amechoka mwili na roho alikwenda Kampala, na Septemba 1929, kwenye kilima cha Namirembe, akakutana na Mganda aliyeitwa Simeoni Nsibambi, wakakaa pamoja wakisoma Biblia na kuomba. Katika enzi ambayo Mzungu alikuwa mtoa amri na Mwafrika mpokeaji, kuketi hivyo kama watu wawili wenye upungufu uleule tayari kulikuwa jambo la kuonekana. Blasio Kigozi, mdogo wake Nsibambi, akaenda kufundisha Gahini, akarudi Uganda akiwa na ujumbe kwamba kanisa limelala na lazima liamke, akafariki Januari 1936, angali kijana, kabla hajaufikisha kwenye sinodi, yaani mkutano mkuu wa kanisa, aliyoikusudia. Wenzake waliuchukua ujumbe huo, na mikutano mikubwa ya Kabale, kusini-magharibi mwa Uganda, kuanzia ule wa 1935, ikausambaza.

Kama walikuwa Wakristo ndani ya kanisa la Kikristo, kwa nini walionekana wa ajabu?

Kwa sababu katika Uganda ya wakati ule kuwa Mkristo kulikuwa jambo la kawaida kabisa, tena lenye faida: ubatizo uliambatana na shule, na shule iliambatana na ukarani na uchifu. Mtu aliweza kuwa na jina la Kikristo, kiti mbele ya kanisa na wake wawili nyumbani, na hakuna aliyeuliza. Walokole waliuliza. Walianza kwa kujitaja wenyewe, jambo lililowaudhi wengine zaidi ya kama wangewataja wao, kwa kuwa anayeungama wizi wake mbele ya wezi wenzake amekwisha kuwafichua bila kutaja jina.

Mwaka 1941 jambo hilo lilifika mahali pabaya katika chuo cha theolojia cha Mukono, ambako wanafunzi walokole waliokuwa wakiamka alfajiri kuomba na kuhubiri, wakilalamikia pia mwenendo na mafundisho ya chuoni, walikatazwa, wakakataa kukatazwa, na 26 wakafukuzwa, akiwamo William Nagenda, ambaye baadaye alihubiri katika nchi nyingi. Wangeweza kuanzisha kanisa lao. Hawakufanya hivyo, wengi wao waliendelea kukaa ndani ya kanisa lililowafukuza, na miaka 25 baadaye mtu wa uamsho huohuo, Erica Sabiti, akawa askofu mkuu wa kwanza Mwafrika wa Uganda, Rwanda na Burundi. Anayefikiri kwamba imani inayojitofautisha ni lazima ihame kanisa na kuweka bango jipya barabarani atafakari hilo kwanza.

Kulikuwa na mambo madogo ya nyumbani pia, na pengine hayo ndiyo yaliyosemwa zaidi visimani. Katika Buganda mwanamke hakuruhusiwa kula kuku wala mayai. Katika nyumba za walokole mume na mke waliketi pamoja, kuku akaliwa na wote. Sahani hiyo moja ilisema mengi zaidi kuhusu usawa wa wanadamu mbele ya Mungu kuliko mahubiri mengi ya wakati ule.

“Kutembea nuruni” maana yake nini hasa?

Msemo huu wa walokole unatoka katika 1 Yohana 1:7: “bali tukienenda nuruni, kama yeye alivyo katika nuru, twashirikiana sisi kwa sisi, na damu yake Yesu, Mwana wake, yatusafisha dhambi yote.” Waliusoma kwa unyoofu usiozoeleka. Kama ushirika unatokana na nuru, walisema, basi penye siri hakuna ushirika, hata kama kuna kwaya nzuri. Kwa hiyo walikutana kila juma, wakaimba wimbo wa Kiganda wa “Tukutendereza” ambao bado ni kitambulisho chao kutoka Kigezi, eneo la Kabale, hadi Bukoba, na kila mmoja akaeleza alivyokwenda na Bwana tangu walipoachana: alipomkasirikia mkewe, alipodanganya bei, alipomwonea wivu mwenzake aliyepandishwa cheo. Wamisionari nao waliungama mbele ya Waafrika kiburi chao cha rangi, na hilo ndilo lililowashangaza wenyeji kupita yote.

Msomaji wa leo huuliza kama ni lazima kila dhambi itangazwe. Hapana. Wazee wenye hekima katika ushirika walifundisha kwamba ungamo liende kadiri ileile dhambi ilivyokwenda: uliyemkosea faraghani mwendee faraghani, uliyemtukana mbele ya wafanyakazi mwombe radhi mbele ya wafanyakazi haohao, na lililobaki kati yako na Mungu si lazima liwe habari ya mtaa mzima. Usimtaje mwingine katika ungamo lako. Mume anayesimama na kueleza zinaa yake kwa kirefu, mkewe akiwa ameketi pale akisikia kwa mara ya kwanza pamoja na majirani, hajatembea nuruni. Amemtwisha mkewe aibu yake.

Kuna jambo jingine ambalo linapaswa kusemwa bila kuzungukazunguka. Mtu aliyemdhuru mtoto, au anayempiga mwenzi wake, hamalizi jambo kwa kulia mbele ya kikundi na kukumbatiwa. Suala hilo ni la polisi na la ustawi wa jamii, na ushirika unaolifunika kwa jina la msamaha unashiriki kosa.

Je, ni lazima kurudisha nilichoiba, hata kama ni zamani na hakuna anayejua?

Hili ndilo swali linaloulizwa kuliko yote, kwa kawaida kwa sauti ya chini. Jibu la walokole lilikuwa ndiyo, na ndilo lililowafanya wajulikane hata kwa watu wasiojali dini. Wahindi wenye maduka, wakuu wa wilaya na waganga wa hospitali walijikuta wakipokea watu waliokuja na fedha, mablanketi, zana na mifugo, wakisema: hiki ni chako, nilikichukua. Msingi wao ulikuwa Zakayo katika Luka 19:8, ambaye hakuishia kusema samahani bali alitaja kiasi, na nyuma yake Hesabu 5:7, panapoagizwa kwamba mkosaji aungame, arudishe kitu chote na kuongeza sehemu ya tano juu yake.

Tuseme wewe ni mtunza stoo katika kampuni ya ujenzi. Kwa miaka kadhaa umekuwa ukiandika mifuko 50 ya saruji inayotoka, inatoka 47, na mitatu inakwenda kwa fundi mmoja unayemfahamu. Umeokoka. Kuacha mchezo huo kuanzia Jumatatu ni jema, lakini saruji ya watu bado imo katika ukuta wako. Kaa chini na daftari, ukadirie kwa uaminifu, na mahali usipokumbuka kadiria kwa kuwapendelea wenye mali. Kabla hujaenda ofisini zungumza na mke au mume wako, kwa kuwa matokeo yataangukia nyumba nzima, na mtafute mtu mzima katika imani, ikiwezekana anayejua sheria kidogo, kwani mwajiri ana haki ya kukufukuza na hata kukushtaki. Ukifika usianze na hadithi ndefu ya wokovu. “Bosi, shikamoo. Kuna mali ya kampuni niliichukua, kiasi chake nimeandika hapa, ninaomba utaratibu wa kulipa.” Akitaka kujua kwa nini umekuja, atauliza mwenyewe, na hapo ndipo ushuhuda una mahali pake. Fundi yule usimtaje isipokuwa mwenye mali akuulize, ukiulizwa, usidanganye.

Ikiwa uliyemwibia amekwisha kufariki, warithi wake wapo. Kama hakuna ndugu anayejulikana, Hesabu 5:8 inaelekeza malipo yaende kwa Bwana, yaani kwa kuhani, na makanisa mengi leo yataelewa ukitoa kiasi hicho kwa yatima au wagonjwa. Usikitoe tu kama sadaka yako ya Jumapili ukapongezwa kwa ukarimu. Hiyo si mali yako.

Vipi kwa muuza nyanya aliyezoea kupanga fungu mbovu zikiwa chini na nzuri juu? Orodha ya wateja hana, na hakuna wa kumrudishia. Yeye apange fungu upya mbele ya macho ya watu, na mwenye mizani iliyochezewa aipeleke kwa wakala wa vipimo ikakaguliwe. Wanunuzi watajua kabla hajasema neno.

Yesu hakukataza kufanya wema mbele ya watu?

Alisema yote mawili katika hotuba ileile. Katika Mathayo 5:16 anaagiza: “nuru yenu na iangaze mbele ya watu, wapate kuyaona matendo yenu mema, wamtukuze Baba yenu aliye mbinguni,” na muda mfupi baadaye, katika 6:1, anaonya: “msifanye wema wenu machoni pa watu, kusudi mtazamwe na wao.” Tofauti imo katika neno “kusudi”, na tena katika nani anatukuzwa mwishoni. Kipimo kinachofaa ni hiki: mambo yanayokuaibisha, kama ungamo na malipo, hayana hatari kubwa yakionekana, kwa sababu hakuna anayejivunia kuitwa aliyekuwa mwizi; lakini mambo yanayokupandisha, kama sadaka, kufunga na maombi marefu, ndiyo Yesu anayoyataka chumbani, mlango umefungwa. Makanisa yetu mengi yamegeuza mpangilio huo. Majina ya watoa sadaka husomwa kwa kipaza sauti, na mhasibu wa kanisa akikosea jambo hilo humalizwa kikaoni kimyakimya.

Vipi mavazi, mapambo, muziki na pombe?

Kwa ufupi: walevi walioacha pombe walizipa familia zao ada ya shule na usingizi, na hilo halihitaji kutetewa. Kuhusu hereni, suruali za wanawake na nywele, walokole wa vizazi vya baadaye walitumia muda mwingi kuliko Agano Jipya lenyewe. Adabu inatosha.

Nifanyeje ukoo unaponitaka nishiriki jambo ambalo dhamiri yangu inalikataa?

Walokole wa Kenya ya kati walijaribiwa katika hili kuliko wengi wetu tutakavyojaribiwa. Baada ya serikali ya kikoloni kutangaza hali ya hatari Oktoba 1952, walitakiwa kula kiapo cha Mau Mau, nao wakajibu kwamba wamekwisha kunywa kikombe cha damu ya Kristo na hawawezi kunywa damu nyingine ya kiapo. Baadhi yao waliuawa kwa jibu hilo. Lakini wengi walikataa pia kupokea bunduki za Home Guard, kikosi cha wenyeji waliopigana upande wa serikali, kwa kuwa hawakutaka kuua ndugu zao wala kwa niaba ya Waingereza. Kwa hiyo pande zote mbili ziliwashuku. Mtu anaweza kubishana nao kuhusu siasa, na wapo Wakenya wanaobishana nao hadi leo wakisema ardhi iliyoporwa ilidai zaidi ya maombi. Hata hivyo hawawezi kushtakiwa kwamba imani yao ilikuwa kisingizio cha kujiunga na mwenye nguvu.

Kwa mambo ya kawaida ya ukoo, kama tambiko la msibani au kafara ya kuondoa mkosi, la maana ni kukataa kitendo bila kuwakataa watu. Fika msibani mapema kuliko wote. Beba kuni, chota maji, toa mchango wako wa sanda na jeneza, laza wageni nyumbani kwako. Kisha nenda kwa mkubwa wa ukoo kabla ya shughuli, si katikati yake mbele ya watu, umwambie: “Baba mkubwa, shikamoo. Marehemu nilimpenda, na kazi zote za msiba nitafanya. Katika hili la kuchinja kwa ajili ya mizimu naomba uniruhusu nisimame pembeni, kwa sababu ya imani yangu.” Atakasirika, pengine atasema maneno makali. Ila atakuwa amekuona ukichota maji. Mkristo anayekwepa michango ya msiba kwa kisingizio cha tambiko hujulikana upesi, na ni haki ajulikane.

Kuhusu mahari, wapo walokole waliokataa kupokea ng’ombe kwa ajili ya binti zao, au waliopokea kidogo kwa heshima ya wakwe. Hakuna amri ya Biblia hapa. Baba anayepunguza mahari ili vijana waanze maisha bila deni atasemwa na kaka zake, na avumilie.

Imani inayoonekana ina neno gani kwa watawala?

Mfano ulio karibu nasi ni Janani Luwum, aliyeokoka katika uamsho huu mwaka 1948 akiwa mwalimu kijana katika Acholi, kaskazini mwa Uganda, na kuwa askofu mkuu mwaka 1974. Mapema 1977 yeye na maaskofu wenzake walimwandikia Idi Amin kulalamikia mauaji na ukatili wa askari. Tarehe 16 Februari alikamatwa pamoja na mawaziri wawili, Erinayo Oryema na Charles Oboth-Ofumbi, na serikali ikatangaza kwamba wamekufa kwa ajali ya gari, tangazo ambalo halikuaminiwa. Askofu Festo Kivengere wa Kigezi alitoroka na mkewe kwa miguu, usiku, kuvuka milima hadi Rwanda. Akiwa uhamishoni alihubiri kwamba amemsamehe Amin, na papo hapo akaendelea kuueleza ulimwengu ubaya wa utawala wake. Wengi hudhani mtu akisamehe lazima anyamaze, Kivengere hakunyamaza.

Je, ulokole uliwahi kwenda kombo?

Ndiyo, tena mara nyingi. Katika Nyanza, magharibi mwa Kenya, ugomvi kati ya walioitwa Joremo, watu wa damu, na Johera, watu wa upendo, uliishia katika Johera kujitenga na Waanglikana mwaka 1957 chini ya Matthew Ajuoga, na kati ya sababu zao ni kwamba ndugu wa uamsho walikuwa wamekuwa mahakimu wa kila mtu. Baadaye, ndani ya uamsho wenyewe, walitokea waliojiona wameamka zaidi ya walioamka, wakaongeza sheria, ikiwamo ya kutokuwa na deni lolote, wakavunja ushirika na wasiozishika.

Swali zito zaidi linahusu Rwanda. Inakuwaje nchi ya Gahini, uamsho ulikochipukia, ikawa nchi ya mauaji ya kimbari ya 1994? Tusilikwepe. Mafundisho ya toba yalikuwa yamekazia sana dhambi za mtu mmoja mmoja, yaani hasira, uzinzi na wizi, bila kuigusa ipasavyo chuki iliyoandikwa katika vitambulisho vya kabila na kufundishwa shuleni, na viongozi kadhaa wa makanisa walikuwa karibu mno na serikali. Mtu aliweza kuungama kwamba aliiba sukari na asiwahi kuulizwa anamwonaje jirani Mtutsi. Upande mwingine walikuwapo waliokataa kutengwa kwa ukabila, na mapema zaidi, katika machafuko ya Januari 1964, mchungaji Yona Kanamuzeyi wa Nyamata, mtu wa uamsho, aliuawa na askari huku akiwaombea, kama alivyosimulia aliyekuwa naye akanusurika. Miaka 30 baadaye Nyamata hiyohiyo ikawa mahali ambapo maelfu waliuawa wakiwa wamekimbilia kanisani. Ushirika wowote wa leo unaotaka kutembea nuruni uulize pia maswali ya kabila, ardhi na kura, hata kama yanaleta ukimya chumbani.

Majirani na wafanyakazi wenzangu wengi ni Waislamu. Nionekane vipi bila kuwaudhi?

Kwa kutimiza ahadi, kulipa deni kwa tarehe, kutosema vibaya dini yao hata mkiwa Wakristo watupu, na kutowapigia vipaza sauti usiku wa manane. Petro anasema tuwe tayari kumjibu kila mtu “awaulizaye habari za tumaini lililo ndani yenu, lakini kwa upole na kwa hofu.” Subiri uulizwe.

Kanisani kwetu hakuna ushirika wa namna hii. Nianzeje?

Anza na watu wawili au watatu mnaoaminiana, wa jinsia moja, kwa sababu zilizo wazi. Chagueni siku moja ya juma na saa maalumu, msizidi saa moja na nusu, msome kifungu kifupi, kila mmoja aseme ukweli wa juma lake, muombeane. Mwelezeni mchungaji tangu mwanzo ili asidhani mnapanga kujitenga. Msikusanye michango, msichague mwenyekiti, na yanayosemwa yasitoke nje, isipokuwa lile la mtu kudhuru au kudhuriwa, ambalo wote mkubaliane mapema kwamba halitafichwa. Juma la kwanza asiye na wadhifa asizungumze wa kwanza. Aanze mwenye cheo kikubwa zaidi miongoni mwenu, na aanze na kosa lake mwenyewe la juma hilohilo, si la miaka 20 iliyopita kabla hajaokoka.